Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Mitambo ya Simu Yadai Fikra za Miaka Mingi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Safari hii sitaandika juu ya nyongeza ya mishahara, wala juu ya gamubuti na glovu ambazo tumezidai hata sauti zikakauka. Nitaandika juu ya mitambo ya simu. Najua wengine watasema, "Mratibu wetu aliishia darasa la saba, mambo ya mitambo ya simu ameyajulia wapi?" Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Lakini kwanza nami nakuuliza, ndugu yangu: mshahara wako wa mwezi jana uliupokea mkononi mwa karani, au uliingia katika simu? Na pesa unazompelekea mama yako Koboko kutoka shamba la miwa la Kakira au Lugazi, hupita njia gani?

Zamani mtu wa West Nile aliyekwenda kufanya kazi kusini alizishona pesa zake ndani ya suruali, akapanda gari, akaomba Mungu asikutane na wezi njiani. Tangu Machi 2009, MTN ilipoanzisha huduma ya pesa za simu nchini Uganda na makampuni mengine yakafuata, jasho letu linapita hewani. Basi mnara ukizima, mshahara nao umezima. Kwa sababu hiyo habari za mitambo ya simu si za mainjinia wa Kampala peke yao. Ni habari za unga wa muhogo, karo na dawa.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Kabla wenzangu hawajanichagua kufanya kazi ya chama, nilikuwa mlinzi wa mnara wa simu kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko. Siku zile umeme wa gridi ya taifa ulikuwa haujafika kwetu. Umefika Arua mwaka 2024 tu. Mnara wetu uliishi kwa jenereta, dizeli na betri. Kampuni iliyoniajiri sitaitaja, wala mkandarasi wake, maana sikuja hapa kushtaki mtu bali kufundishana.

Fundi wa mnara ule alikuwa mzee mmoja wa makamo ya kustaafu. Kila alipokuja alikuwa na daftari la shule kwapani. Aliandika saa ambazo jenereta imefanya kazi, lita za dizeli zilizobaki, nguvu ya kila betri, tarehe ya kubadili kichujio cha mafuta, na hata mahali waya ulipoungwa chini ya ardhi, hatua kumi na nne kutoka mwembeni. Alinifundisha kusoma geji. Aliniambia, "Mwanangu, chuma hakisemi. Ukitaka kisikike, mwandikie wewe."

Mkataba wa mkandarasi ukaisha, akaja mwingine kwa bei ya chini. Akaja na mfumo mpya wa kompyuta: vijana wenye kompyuta ndogo za mkononi, wakipiga picha kila kitu. Mimi nilifurahi, maana maendeleo ni maendeleo. Mzee aliuliza, "Daftari hili nimkabidhi nani?" Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa katika fomu hapakuwa na mahali pa daftari. Akaambiwa kazi yake imekwisha. Akaenda nyumbani na daftari lake kwapani.

Sasa sikilizeni vizuri. Wale vijana walipoingiza habari za betri katika kompyuta, fomu ilidai tarehe ya kufungwa betri. Wao hawakuijua. Wakaandika tarehe ya siku ile ile. Basi betri zilizochoka, ambazo Mzee alijua kwamba haziwezi kumaliza usiku, zikageuka kuwa betri mpya ndani ya kompyuta. Na kompyuta haina macho, huamini ilichoambiwa.

Miezi minne baadaye, mwisho wa mwezi, mvua ikanyesha, gari la dizeli likakwama. Makao makuu hawakuwa na wasiwasi, maana karatasi zao zilionyesha betri mpya. Saa nane za usiku betri zikafa na mnara ukazima. Tena kulikuwa na minara miwili mbele yetu iliyopokea mawimbi kupitia kwetu, nayo ikanyamaza. Mfumo mpya haukuwa umeandikiwa kwamba ile miwili inategemea huu mmoja. Ukaona hitilafu tatu mbalimbali, ukatuma magari matatu. Magari mawili yalikwenda kwenye minara yenye jenereta nzima na dizeli tele, mafundi wakazunguka na kukuna vichwa. Gari lililokuja kwetu lilikwama palepale lilipokwama lile la dizeli. Tulikaa gizani siku mbili na nusu.

Siku hizo mbili na nusu vibarua wa mashamba ya karibu walikuwa wamelipwa, lakini pesa zao hawakuziona. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa kali na hana nauli ya kumfikisha Arua. Ana mshahara wa mwezi mzima ndani ya simu, lakini simu ni kipande cha plastiki. Aliuza mbuzi wake wa pekee kwa nusu ya bei kwa mchuuzi aliyekuwa na noti mkononi. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Mbuzi hakurudi.

Na mimi? Niliambiwa niliiba dizeli. Waliuliza: kama betri ni mpya, mnara ungezimaje isipokuwa mlinzi amefyonza mafuta? Nikakatwa nusu ya mshahara. Ndipo Mzee akaja na daftari lake mpaka ofisi ya chama, akalifungua mbele ya viongozi wetu, tarehe kwa tarehe, betri kwa betri. Mkandarasi akanirudishia pesa zangu. Tangu siku ile ndipo nilipoingia kazi ya chama, na tangu siku ile sijadharau daftari.

MFUMO HUO NI KITU GANI?

Wengi wakisikia mitambo ya simu hufikiri mnara na nyaya. Hivyo ni viungo tu. Nyuma yake iko kazi nyingine isiyoonekana: mifumo ya kuendesha na kutunza mitambo. Zamani ilikuwa makabati ya kadi na meza ya kupimia laini. Leo ni programu za kompyuta. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, ambao ulianzishwa mwaka 1865 siku za simu za maandishi, uliigawa kazi hiyo mafungu matano: kushughulikia hitilafu, kupanga na kuandikisha mitambo, kuweka hesabu za matumizi, kupima ubora wa kazi, na kulinda usalama.

Tuyatazame kwa macho ya kiwandani. Kwanza, lazima ujue una mali gani na iko wapi: mashine ipi, ya mwaka gani, imeunganishwa na ipi. Hilo ndilo daftari la mali, na ndilo mama wa mengine yote. Pili, lazima usikie kengele mashine ikiumwa, na ujue kengele ipi ni ya ugonjwa na zipi ni mwangwi wake. Tatu, kila hitilafu iwe na kadi yake: nani ameipokea, nani amekwenda, amefanya nini, imefungwa lini. Nne, mteja mpya afunguliwe laini bila kumharibia wa zamani. Tano, upime mzigo, ili ujue leo kwamba mwaka kesho mnara huu hautatosha.

La tano sisi wa West Nile tunalijua kwa uchungu. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Sudan Kusini walipovuka mpaka kwa kukimbia vita, kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe ilifunguliwa mwezi wa Agosti, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu zaidi ya 250,000. Mahali palipokuwa pori pakawa mji. Hakuna aliyeweza kutabiri vita kwa tarehe. Lakini mtu aishiye karibu na mpaka wa Oraba anajua kwamba watu watavuka tena siku moja, ama wao kuja kwetu ama sisi kwenda kwao, kama wazee wetu walivyokimbilia Sudan na Zaire miaka ya 1979 na 1980. Mpango wa miaka mingi si kutabiri siku. Ni kuacha nafasi kwa jambo ambalo unajua litakuja, ingawa hujui lini.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?

Palikuwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Kampala. Mafundi wa Uganda, Kenya na Tanzania walifundishwa pamoja katika shule ya Mbagathi karibu na Nairobi. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Simu zilikuwa chache na mwananchi wa kawaida aliziona ofisini kwa mabwana tu. Lakini fundi wa Arua na fundi wa Mwanza waliandika kadi namna moja. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, kila nchi ikabeba vipande vyake. Kwetu likazaliwa Shirika la Posta na Simu la Uganda, nalo likaingia katika miaka ya vita na uhaba.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997 ikaligawa shirika hilo. Posta ikaenda njia yake, benki yake, na simu zikawa Uganda Telecom. Mwaka 2000 hisa 51 kwa kila 100 zikauzwa kwa wageni. Mwaka 2007 wakaingia Walibya wa LAP Green. Mwaka 2011 Libya yenyewe ikaingia katika vita na vikwazo. Mwaka 2017 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni. Hesabuni wenyewe ndugu zangu: katika miaka ishirini, wenyewe wangapi? Na kila mwenye mali mpya huja na shabaha yake mpya, wakati waya uliozikwa ardhini ni ule ule.

Hata upande wa simu za mkononi mambo ni hayo. Celtel, ya kwanza kuingia Uganda mwaka 1995, iligeuka Zain mwaka 2008, ikageuka Airtel mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaimeza Warid. MTN, iliyoanza mwaka 1998, iliiuza minara yake mwaka 2012 kwa kampuni iliyoundwa pamoja na American Tower ya Marekani. Mwishoni mwa 2019 American Tower hiyo hiyo ikainunua Eaton Towers, yenye minara katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo. Sisemi kununua na kuuza ni dhambi. Nasema kila kununua na kuuza ni kuhamisha daftari, na daftari likihamishwa kurasa hudondoka.

Leo chini ya mnara mmoja utakuta mabwana watano: kampuni ya simu, kampuni ya minara, mkandarasi wa matengenezo, mkandarasi mdogo wa dizeli, na kampuni ya ulinzi. Kila mmoja ana programu yake, namba zake na majina yake. Mnara ule ule una majina matano. Hitilafu ikitokea, nusu ya siku huisha wakiulizana wanazungumzia mnara upi.

HATA MATAJIRI HUJIFUNGIA NJE

Msifikiri haya ni ya Afrika peke yake. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers huko Kanada, nchi tajiri yenye wasomi wa kila aina, ilizimika nchi nzima. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa huduma. Watu walishindwa kulipa madukani kwa kadi za benki, na wengine walishindwa kupiga namba ya dharura. Chanzo hakikuwa vita wala mafuriko. Mafundi walikuwa wakibadili mpangilio wa mitambo mikuu, na kichujio kimoja kikaondolewa. Habari zikafurika ndani ya mitambo hiyo kama maji ya Nile yanavyovunja kingo, ikalemewa ikasimama.

Lakini jambo la kutushtua ni hili: njia ambayo mafundi waliitumia kuingia na kuitengeneza mitambo ilipita ndani ya mitambo hiyo hiyo iliyokufa. Ni kama mtu aliyefungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba. Njia ya pili, ya akiba, haikuwekwa ya kutosha. Njia ya akiba ni gharama kila mwaka, na katika mwaka ambao hakuna ajali huonekana ni hasara tupu. Mhasibu wa mwaka mmoja huifuta. Mtu mwenye fikra za miaka kumi huiacha.

Nasi tulionja yetu Oktoba 2020, mfumo wa kampuni ya tatu uliounganisha mabenki na pesa za simu hapa Uganda ulipoingiliwa, na njia ya pesa kati ya benki na simu ikafungwa kwa siku kadhaa. Mfanyakazi wa shambani hakuwahi kusikia kwamba kampuni hiyo ya kati ipo. Siku ilipojikwaa ndipo alipojua kwamba ilikuwa imebeba chakula chake.

ADUI NI FIKRA ZA MSIMU MMOJA

Wazee wa tumbaku hapa West Nile wananielewa. Tumbaku huchomwa kwa kuni ili ikauke. Mwaka wa kwanza kuni ziko nyuma ya nyumba. Mwaka wa tano ziko ng'ambo ya mto. Mwaka wa kumi unazinunua, na faida yote imeingia motoni. Aliyepanda miti mwaka wa kwanza alichekwa. Mwaka wa kumi wanamwendea na vikapu. Bandu bandu huisha gogo.

Mifumo ya kutunza mitambo ya simu inaliwa namna hiyo hiyo. Mitambo inanunuliwa kwa yule wa bei ya chini mwaka huu, naye analeta programu yake isiyosikilizana na ya mwenzake. Baada ya miaka michache ofisi ina programu nyingi, kila moja inajua kipande, hakuna inayojua mnara mzima. Habari zinaandikwa kwa namna ambayo muuzaji pekee anaweza kuzisoma, na siku ya kuachana naye unakuta daftari lako lina kufuli lake. Mikataba ya matengenezo ni ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo mkandarasi hana sababu ya kuandika jambo litakalomfaa atakayemfuata. Na fundi ajuaye anaachishwa ili kuokoa mshahara mmoja.

Kumbukeni jambo moja. Kompyuta hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Programu hubadilishwa. Bwana mkubwa hubadilishwa. Lakini shimo lililochimbwa kando ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba, na waya wa nyuzi za kioo uliolala ndani yake, hukaa miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo chenye thamani katika mfumo si ile mashine inayong'aa mezani. Chenye thamani ni habari za kweli juu ya kilichoko ardhini na juu ya mnara, na watu wanaoweza kuzisahihisha. Mashine ni sanduku; hizo habari ndizo mali.

TUSIJIDANGANYE NASI

Waajiri watasema, "Chama kinatetea ajira tu, kisha kinajifunika kwa maneno ya mifumo." Nawajibu: ndiyo, tunatetea ajira, na hatuoni haya. Lakini mnara uliozima kwa sababu ya daftari lililopotea ni hasara ya kampuni pia. Safari hii maslahi yetu na ya mwenye mtambo yanakwenda njia moja, kama akiwa tayari kutazama mbali.

Watasema pia, "Biashara ya simu hugeuka upesi, nani awezaye kupanga miaka kumi?" Ni kweli inageuka. Lakini kwa kuwa inageuka ndiyo maana daftari liwe safi. Mtu anayehama nyumba kila mwaka anahitaji kujua vyombo vyake kuliko asiyehama.

Hata hivyo, ndugu zangu, tuseme ukweli ndani ya nyumba yetu. Wako mafundi wanaoficha maarifa ili wasiachishwe. Namba ya siri iko kichwani mwake, na njia ya waya anaijua yeye peke yake. Anafikiri amejijengea ngome. Siku akiugua, mnara unaugua naye, na mwenzake ndiye anayelaumiwa. Wako walinzi wanaouza dizeli na kuandika lita za uongo. Mimi nilisingiziwa, lakini nilisingiziwa kwa urahisi kwa kuwa wengine walifanya kweli. Geji ya uongo ni kama tarehe ya uongo ya betri: inampofusha atakayekuja kesho.

Na chama chenyewe? Mwaka jana tulitaka kujua wanachama wetu wangapi katika mashamba ya upande wa Koboko wamelipa ada. Daftari la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa, na jipya lilikuwa nyumbani kwa katibu aliyehama. Tulianza kuhesabu upya, shamba kwa shamba. Basi tusimhubirie mwajiri kitu ambacho sisi wenyewe hatukitendi.

TUNATAKA NINI?

Nayaweka mapendekezo yangu waziwazi, myajadili katika matawi yenu, myaongeze au myapunguze.

Kwanza, kila mkataba wa kutunza minara na nyaya uwe na sharti la makabidhiano. Mkandarasi anayeondoka akabidhi kumbukumbu zote kwa maandishi yanayosomeka na programu yoyote, na alipwe malipo yake ya mwisho baada tu ya mtu mwingine kuzikagua huko huko mnarani, asikague kwa picha.

Pili, mkandarasi akibadilika, mafundi na walinzi wa eneo wahamie kwa mpya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema biashara ikihamishwa, mikataba ya wafanyakazi inahama nayo. Waajiri hukwepa kwa kusema kwamba zabuni mpya si kuhamisha biashara. Basi tuiandike wazi katika mapatano yetu, pasiwe na pa kukwepea. Na kibarua asifanywe kibarua wa milele: kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kupita miezi minne; baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Tatu, mtu wa chini apewe nafasi ya kusahihisha. Mlinzi akiona kompyuta inasema jenereta ni nyekundu na yeye ameegemea ya kijani, awe na mahali pa kusema, na apate jibu. Fomu ziwe na nafasi ya "sijui". Neno hilo moja lingeokoa mbuzi wa yule mama. Afadhali nafasi tupu kuliko uongo uliojazwa vizuri.

Nne, mfumo mpya usiingizwe kwa kishindo. La zamani na jipya yaende sambamba kwa muda, eneo moja kwanza, kisha jingine. Kosa likitokea Arua lisifike Moyo.

Tano, vijana wafundishwe na wazee kabla wazee hawajaondoka. Mzee mmoja na vijana wawili, mwaka mzima, kwa mshahara kamili. Hiyo si sadaka. Ni bei ndogo kuliko siku mbili na nusu za giza katika minara mitatu.

Sita, sisi wa viwandani na mashambani, ambao mishahara yetu inapita katika mitambo hiyo, tudai katika mapatano yetu kwamba simu zikizima siku ya malipo, mwajiri awe na njia ya pili: karani, daftari na noti. Njia ya akiba iwepo kwetu pia.

Na wewe unayesoma ukiwa kwenye mashine ya pamba, kwenye chai au kwenye miwa, usifikiri haya hayakuhusu. Bwela ya kiwanda chako ina historia yake. Nani ameiandika? Pampu ya shamba lako hukwama mwezi gani, na ni nani ajuaye dawa yake? Kama ni mtu mmoja tu, na hajaandika, basi kiwanda chako kinaning'inia kwa uzi mmoja. Kesho anza daftari. Usingoje amri.

Yule Mzee wangu amestaafu, analima muhogo na kufuga kuku. Daftari lake bado liko, limevikwa mfuko wa nailoni lisinyeshewe. Nilipomtembelea majuzi nilimwuliza kwa nini hajalitupa, maana hata ule mkandarasi amekwisha kuondoka na mwingine ameingia. Akacheka. Akasema, "Waya bado upo chini, hatua kumi na nne kutoka mwembeni. Mwembe wameukata wakati wa kutengeneza barabara. Siku waya utakapokatika watakuja kuniuliza mwembe ulikuwa wapi."

Ndugu wafanyakazi, tusingoje siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu! Kumbukumbu ni silaha ya mfanyakazi!

Mratibu wenu,
Arua na Koboko